Kugawa Pumzi: Mbio Ndefu na Maisha ya Bonde la Kilombero

Katika michezo ya nchi yetu hakuna habari inayosimuliwa mara nyingi kuliko ile ya John Stephen Akhwari, na ndiyo nitakayoanza nayo, kwa kuwa nadhani tumezoea kuishika kwa upande wake mwepesi. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, kijana huyo wa Mbulu alianguka katikati ya mbio za marathoni, akaumia goti vibaya na kulipiga bega. Alifungwa bandeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani jua limekwisha kuzama na watazamaji wengi wamekwenda zao, kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma akamalize mbio, haikumtuma akazianze tu. Shuleni tunawafundisha watoto kwamba maana ya habari hii ni moja: usikate tamaa.

Sina ugomvi na ujasiri wa Akhwari. Nina ugomvi na sisi tunaousimulia, kwa sababu tunaanzia pale alipoanguka, kana kwamba mbio ndefu ni suala la kukaza meno baada ya kuumia. Kijana anayefundishwa hivyo hujifunza kwamba mateso yenyewe ndiyo sifa, na akiona anateseka hudhani anaendelea vizuri. Rai yangu leo ni kwamba mbio ndefu zinafundisha jambo jingine, gumu zaidi na lenye manufaa zaidi kwa watu wa bonde hili la Kilombero. Zinafundisha kugawa pumzi: kujua umbali ulioko mbele, kujua akiba uliyonayo mwilini, na kuitumia akiba hiyo kwa namna ambayo sehemu ya mwisho ya njia haitakukuta mikono mitupu. Na ukilifuata somo hilo hadi mwisho wake, linakutoa kwa mkimbiaji mmoja na kukupeleka kwa watu waliomlisha, waliomtibu na waliokimbia pamoja naye.

Tubaki kwanza Mexico. Siku ile walianza wakimbiaji 75 na wakamaliza 57, huku Akhwari akiwa wa mwisho. Miongoni mwa 18 walioacha alikuwemo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki wa 1960 na tena wa 1964. Aliacha kabla ya nusu ya njia kwa sababu mguu wake ulikuwa umeumia. Je, tumwite Bikila mwoga? Kama maana ya mbio ni kutokata tamaa tu, hatuna jibu lingine, nalo ni jibu la kipuuzi. Bikila aliujua mwili wake, akaona kwamba gharama ya kuendelea inazidi kile kitakachopatikana. Akhwari naye aliujua wake, akahukumu vingine. Ninachokiona kwa wote wawili ni hesabu, na hesabu haifanyiki kwa hasira wala kwa kiburi. Tena tunasahau kwamba Akhwari alikuwa mkimbiaji bora hasa. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa 5 kwa saa 2 na dakika 15. Miguu iliyomfikisha mwisho Mexico ilikuwa imetengenezwa kwa miaka mingi ya mazoezi kabla ya kuanguka. Goti lile lisingefika kwa moyo peke yake.

Tuutazame mwili wenyewe unavyofanya kazi, maana hapa ndipo somo lilipo. Misuli na ini huhifadhi sukari iitwayo glaikojeni, na kwa mtu anayekimbia kwa nguvu akiba hiyo hutosha takriban kilomita 30. Marathoni ina kilomita 42 na mita 195. Kwa hiyo kila anayesimama kwenye mstari wa kuanzia ana deni kabla hajainua mguu: akiba yake haitoshi njia nzima. Mafuta ya mwilini ni mengi na yanaweza kusaidia, lakini huwaka taratibu na yanahitaji oksijeni nyingi. Ukienda kwa kasi iliyo sawa, mwili hutumia vyote viwili pamoja, sukari kidogo na mafuta kidogo. Ukichomoka mwanzoni unaichoma sukari kwa wingi, na kufika kilomita ya 32 miguu inageuka magogo. Ubaya wake ni kwamba kosa hilo halionekani linapofanyika. Katika kilomita ya 5 anayekosea anajisikia vizuri kuliko wote. Upepo unampiga usoni, watu wanampigia makofi, aliowaacha nyuma wanaonekana wavivu. Risiti huja saa moja na nusu baadaye, na hairudishwi.

Ushahidi wa jambo hili umo katika historia yetu wenyewe. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, ni mmoja wa wakimbiaji hodari kabisa waliowahi kutoka Tanzania. Katika marathoni ya Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mara ya kwanza alizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde 1 tu. Nawaomba mwaka 1990 tuutazame kwa makini. Njia ya Boston huanza kwa mteremko mrefu, na mteremko ni mdanganyifu, kwani humpa mtu kasi ambayo hajailipia. Ikangaa na wenzake walishuka kwa kasi kubwa mno. Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki ya Seoul, aliwaacha waende. Kwenye vilima vya Newton, njia ilipoanza kupanda na akiba za watu kuanza kuhesabiwa, alimpita Ikangaa, akashinda kwa saa 2:08:19. Ikangaa alifika kwa 2:09:52. Tusimdharau Ikangaa kwa hilo, kwani mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda New York kwa 2:08:01. Alikuwa na mapafu na roho ya kumshinda mtu yeyote duniani. Siku ile ya Boston kilichompungukia ni mgao.

Wapo watakaosema kwamba nimesafiri hadi Boston kuwaletea methali ambayo bibi zao waliwapa bure: polepole ndiyo mwendo. Sikubali. Kugawa pumzi si polepole. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alipoweka rekodi ya dunia huko Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35, alikwenda kila kilomita kwa chini ya dakika 3, kasi ambayo wengi wetu hatuwezi kuishika hata mita 400. Lakini nusu ya kwanza alitumia dakika 60 na sekunde 48, na nusu ya pili dakika 59 na sekunde 47. Eliud Kipchoge huko Berlin mwaka 2018 alifanya vivyo hivyo, 61:06 kisha 60:33. Hawa hawakuwa wakisubiri. Walikwenda karibu kabisa na ukingo wa uwezo wao na kubaki hapo kwa saa mbili bila kuuvuka, jambo linalotaka akili kuliko kukimbia ovyo. Na tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, mtoto wa Singida, Alphonce Simbu, alikuwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani wakiwa ndani ya uwanja, mita za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48. Picha ilionyesha kwamba Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03, akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa riadha kutoka Tanzania. Baada ya zaidi ya kilomita 42 alikuwa amebakiza kitu. Sekunde hizo tatu za mia alizinunua tangu kilomita ya 10, kwa kila hatua aliyojizuia kuipoteza.

Pingamizi zito zaidi linaitwa Filbert Bayi, na sitaki kulipita pembeni. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Bayi aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo, akawaacha wenzake kwa mbali, na wote uwanjani wakangoja akatike. Hakukatika. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand aliyekuwa akimfukuza naye akavunja rekodi ya zamani bila kupata ushindi. Mtu akiniambia kwamba Bayi alitupa mgao wote na akashinda, nitamjibu kwamba aliujua mgao wake kuliko waliokuwa wakimtazama. Mita 1500 si marathoni. Ni dakika tatu na nusu, na glaikojeni haina nafasi ya kuisha. Alijua kwamba wenzake wana mchomoko mkali wa mwisho, na kwamba njia ya kuunyima nguvu ni kuwalazimisha watumie pumzi mapema. Alikwenda mbele kwa hesabu. Lakini nakiri kwamba ukingo huo ni mwembamba. Mwaka 1980 huko Moscow, kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, Bayi aliongoza kwa mbali vilevile, na katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Alipata medali ya fedha. Mtu yuleyule, mtindo uleule, umbali ulioongezeka maradufu. Kwa hiyo swali la kwanza la kila anayeanza jambo lisiwe "nina nguvu kiasi gani?" bali "ni mbali kiasi gani?"

Sasa nishuke bondeni. Mwaka wa mkulima wa mpunga wa Kilombero ni mbio ndefu kwa maana halisi ya neno. Mvua zinaanza, trekta linaingia shambani, na kila mtu anajisikia kama mkimbiaji wa kilomita ya 5. Fedha ya mavuno yaliyopita au ya mkopo ipo mkononi, ardhi imelainika, na kulima ekari nane kunaonekana rahisi kama kulima nne. Kulima ndiko mteremko wetu wa Boston. Kisha inakuja palizi. Majani hayangoji, vibarua wanataka malipo yao leo, chakula cha nyumbani kimepungua, na ndege bado hawajaanza kulindwa. Anayefika hapo mfuko ukiwa mtupu hana kilichobaki isipokuwa kuliachia pori ekari tatu alizozilima kwa gharama, au kuuza mpunga ukiwa bado kijani shambani kwa bei ya kutupa. Uvumilivu wake hauna dosari. Analala kwenye dungu, anapigana na mbu na nguruwe pori, anaamka gizani. Ukimwambia usikate tamaa utakuwa unamtukana, maana hajakata. Kosa lilitendeka miezi mitatu nyuma, siku alipohesabu ekari kwa kutazama jembe badala ya kuzihesabu kwa kutazama palizi. Mkimbiaji angemwambia apange mbio zake kuanzia kilomita ya 32 kurudi nyuma: lima kile utakachoweza kukipalilia, kukilinda na kukivuna, hata kama jirani amekuacha mbali mwezi wa Desemba.

Kwa mwanafunzi sina haja ya kueleza mengi. Kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka minne, na wanaokesha wiki mbili kabla ya mtihani wanafanya kile alichofanya Ikangaa kwenye mteremko wa Boston, ila kwa kugeuza mwanzo na mwisho.

Lakini mgao ni anasa, mtu atasema. Anayegawa ni mwenye kitu cha kugawa. Mama mwenye watoto wanne na debe moja la unga mwezi Februari hawezi kupanga kasi. Anauza mpunga wa kijani kwa sababu watoto watakula leo. Pingamizi hili ni la kweli, na hotuba nyingi kuhusu nidhamu ya maisha huharibika kwa sababu hazilijibu. Jibu langu linatoka tena kwenye mbio. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Kumzunguka walikuwa wakimbiaji 41, wakipokezana kwa makundi, kazi yao ikiwa kumkinga upepo na kumshikia kasi. Walikuwa mabingwa kwa haki zao, na siku ile walitoa pumzi zao kwa ajili ya pumzi ya mwingine. Hata katika mbio za kawaida, anayekimbia ndani ya kundi hutumia nguvu kidogo kuliko aliye peke yake mbele. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoufanya mgao kuwa fadhila ya mtu binafsi, halafu wakamlaumu maskini kwa kukosa fadhila hiyo. Mama yule wa Februari anahitaji kundi: kikoba kinachokopesha wakati wa palizi badala ya wakati wa sherehe, ghala la kijiji linalopokea mpunga na kumpa fedha kidogo sasa na nyingine bei itakapopanda, majirani wanaopalilia kwa ujima shamba hili leo na lile kesho. Wazee wa bonde hili waliujua ujima kabla ya marathoni kubuniwa. Tulipouacha tukaanza kukimbia kila mtu na upepo wake.

Jambo la mwisho katika hoja yangu ni damu, na hapa Ifakara ina la kuwafundisha wakimbiaji kuliko wakimbiaji wanavyoweza kuifundisha. Mbio ndefu ni biashara ya oksijeni. Mapafu huipokea, moyo huisukuma, lakini anayeibeba hadi kwenye misuli ni hemoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu. Ukipunguza chembe hizo umempunguza mkimbiaji, hata awe na roho ya simba. Na kiumbe anayeziharibu chembe hizo kwa wingi katika nchi yetu ni vimelea vya malaria. Ulimwengu ulitamani sana kuona Bayi na Walker wakikutana tena katika Olimpiki ya Montreal ya 1976. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia michezo ile kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Hilo linakumbukwa. Lisilokumbukwa ni kwamba muda mfupi kabla ya michezo Bayi alikuwa ameugua malaria. Mwenye rekodi ya dunia alikuwa amelazwa chini na mbu, kama anavyolazwa mtoto wa Idete au Namawala hapa bondeni.

Bonde hili lilikuwa miongoni mwa sehemu zenye maambukizi makali ya malaria kuliko karibu kote duniani, na ni hapa pia ndipo dawa yake ilipopimwa kwa uangalifu mkubwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara walisambaza katika wilaya za Kilombero na Ulanga vyandarua vyenye dawa vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uhai wa watoto wenye umri wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4 waliolala ndani ya vyandarua hivyo uliimarika kwa asilimia 27. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, ulioongozwa na Salim Abdulla, ulionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka 2 vyandarua hivyo viliwakinga na upungufu wa damu kwa kiasi cha asilimia 63. Tafakarini namba hiyo ya pili. Ni pumzi waliyopewa watoto wa bonde hili kabla hawajajua kutembea, na walipewa na watu wengine: mama aliyenunua chandarua badala ya kanga, muuza duka aliyekubali kukiuza kijijini, mtafiti aliyetoboa kidole cha mtoto na kuhesabu. Ndiyo maana nasema hakuna mkimbiaji anayeanza mbio zake kwenye mstari wa kuanzia.

Mtu akisema kwamba mbio ni za watu wa nyanda za juu, wa Mbulu na Karatu, ambako hewa nyepesi huulazimisha mwili kuongeza chembe nyekundu, na kwamba sisi tulio chini ya mita 300 na joto la Kilombero tukae na mpunga wetu, sitambishia kuhusu mwinuko. Unasaidia. Lakini Suleiman Nyambui, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Moscow, alitoka Majita kando ya Ziwa Victoria, na yake pamoja na ile ya Bayi ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania ilikuwa imezipata hadi Michezo ya Paris ya 2024. Hata hivyo, mimi sikuja kutafuta medali. Joto la bonde lenyewe ni mwalimu wa mgao, kwani mtu anayekimbia saa sita mchana kati ya Ifakara na Kiberege kama anayekimbia alfajiri ataadhibiwa kabla ya kilomita ya 10.

Nawaomba walimu mjaribu jambo moja. Katika mashindano ya shule zetu mtoto hupewa zawadi kwa kufika wa kwanza, na kwa sababu hiyo watoto wote huchomoka kama risasi, na kufikia mzunguko wa tatu nusu yao wanatembea wameshika mbavu. Tuwekeni zawadi ya pili iliyo sawa na ya kwanza kwa thamani, apewe mtoto ambaye nusu yake ya pili imekaribiana zaidi na nusu yake ya kwanza, mradi amekimbia kweli. Akiwa wa kumi na tano, apewe mbele ya wazazi wake. Ifanyike mwezi wa Julai, mpunga ukiwa umeingia ndani, barabara zikiwa kavu na watoto wakiwa wameshiba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijapanda. Vifaa havihitaji bajeti ya wilaya: saa moja ya mkononi, mstari wa chokaa kwenye nusu ya njia, na mwalimu mmoja mwenye daftari aliyesimama hapo kwenye mstari akiandika dakika za kila mtoto anayepita.